Boksi, Cheti na Dakika Mbili za Daktari: Mwongozo Kamili wa Lugha ya Dawa kwa Anayetaka Kuwa Repu

Vijana wanaoanguka usaili wa urepu, kazi ya kuiwakilisha kampuni ya dawa mbele ya madaktari na wauza dawa, huku kwetu hunisimulia hadithi ileile. Alipakua orodha ya maneno mia tatu, akayakariri kwa mpangilio wa alfabeti wiki nzima, akapanda Coaster kutoka Mbozi au Makambako mpaka Mbeya mjini, akaulizwa neno moja, likamtoka kinyume. Wengine kazi wameshaipata, ila wakisimama mbele ya daktari maneno yote yanakimbia.

Orodha ndiyo inayowaangusha. Lugha ya dawa haikaririwi, inavunjwavunjwa. Ukijua vipande, neno ambalo hujawahi kuliona utalifungua mwenyewe.

Kuhusu tahajia: majina nayaandika kwa matamshi yetu, kama amoksilini na omeprazoli. Boksini utayakuta na herufi c, x, th na ph, mengi bila irabu ya mwisho. Pale ambapo herufi za boksi zina umuhimu, nitaziandika kama zilivyo.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Maboksi matupu ishirini ya dawa, yenye karatasi ya maelezo ndani. Usinunue dawa. Omba kwa mtu anayefanya kazi famasi au kwa majirani. Changanya: vidonge, dawa ya maji, sindano, ya kupaka, matone ya macho.
- Mwongozo wa Taifa wa Matibabu na Orodha ya Dawa Muhimu wa Wizara ya Afya. Uweke kwenye simu.
- Daftari moja la mkono na kalamu za rangi mbili.
- Simu inayorekodi sauti.
- Mtu mmoja wa kukusahihisha: nesi, tabibu, mteknolojia wa dawa. Mmoja anatosha, mradi asikuonee haya.

Tenga wiki nne, dakika arobaini kila siku. Ukizilundika zote Jumapili hutafika mbali.

## Hatua ya 1: Soma boksi moja mpaka liishe

Chukua boksi la amoksilini ya maji ya watoto. Usilitazame, lisome pande zote sita.

Jina kubwa la rangi ni jina la biashara, mali ya kampuni. Jina dogo chini yake ni jina halisi la dawa, na hilo halibadiliki hata kampuni zikiwa hamsini. Panadol ni jina la biashara, parasetamoli ndiyo dawa. Daktari hufikiri kwa jina halisi, kwa hiyo nawe lianze kukutoka kinywani kabla ya lile unalolipwa kulitangaza.

Kisha inakuja nguvu ya dawa: 125 mg/5 mL. Maana yake kila mililita 5 zimebeba miligramu 125. Ipo pia ya 250 mg/5 mL, na chupa zake hufanana kama kulwa na doto. Ukizichanganya, mtoto anapata dozi mara mbili au nusu.

Sasa piga hesabu ambayo muuza dawa yeyote wa Mwanjelwa anaweza kukuuliza. Chupa ni ya mL 100. Mtoto ameandikiwa mL 5 mara tatu kwa siku. Kwa siku 5 ni mL 75, chupa inatosha. Kwa siku 7 ni mL 105, imepungua mL 5. Chupa moja au mbili? Kama hujawahi kuipiga hesabu hiyo, utabaki unatabasamu.

Vipimo vya kushika: gramu 1 ni miligramu 1,000, na miligramu 1 ni mikrogramu 1,000. Asilimia 1 ni gramu 1 ndani ya mL 100, yaani miligramu 10 kwa kila mililita. Basi lidokaini ya asilimia 2 ina miligramu 20 kwa mililita. Kijiko cha dawa ni mL 5, cha nyumbani usikiamini.

Halafu umbo la dawa. Kidonge na kapsuli unavijua. *Saspensheni* ni dawa ya maji yenye unga usioyeyuka, ndiyo maana hutikiswa kabla ya kumwagwa. *Sharubati* imeyeyuka yote. *Ampuli* ni kichupa cha kioo kinachovunjwa shingo, *vayo* ina mfuniko wa mpira unaochomwa kwa sindano. Kidonge chenye herufi SR, XR au MR hutoa dawa taratibu, na kidonge chenye ganda maalumu hungoja kupita tumbo ndipo kiyeyuke. Hivi viwili visivunjwe wala kusagwa. Liseme hilo bila kuulizwa, watu watakuheshimu.

Mwisho kuna namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya kuisha na hifadhi. Boksi likiandika mwezi na mwaka tu, dawa ni nzima mpaka siku ya mwisho ya mwezi huo. "Nyuzi 2 hadi 8" maana yake jokofu, bila kugandishwa: insulini, chanjo, oksitosini. "Chini ya nyuzi 30" maana yake ni kwamba buti la gari lililoegeshwa juani Kyela si stoo. Makete utasahau tatizo hilo, Kyela litakukumbusha.

Onyo la Tunduma. Kuvuka kwenda Nakonde ni hatua chache, na maboksi nayo huvuka. Dawa kusajiliwa Zambia hakuifanyi iwe imesajiliwa Tanzania. Neno "imesajiliwa" kwetu lina maana moja: ipo kwenye rejesta ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Usilitamke kabla ya kuhakiki.

Utajuaje umefika: mwenzako anakupa boksi usilolijua, na ndani ya dakika moja unamtajia jina halisi, nguvu, umbo, njia ya kutumia na hifadhi.

## Hatua ya 2: Zijue koo za majina

Majina halisi hayakutungwa ovyo. Dawa za ukoo mmoja hubeba mkia mmoja, kama watu wa ukoo mmoja wanavyobeba "Mwa" mbele ya jina huku Mbeya. Ukiusikia unajua wametokea wapi, hata kama mtu humjui.

Anza na hii, kama inavyoandikwa boksini:

- -cillin: ukoo wa penisilini, antibaiotiki. Uliza mzio kwanza.
- -floxacin: siprofloksasini, levofloksasini. Antibaiotiki.
- -pril: kaptoprili, enalaprili, lisinoprili. Za presha na moyo kushindwa kazi. Maudhi yake maarufu ni kikohozi kikavu.
- -sartan: losatani, telmisatani. Za presha pia. Mara nyingi ndizo mgonjwa huhamishiwa kikohozi cha -pril kikimzidi. Koo hizi mbili haziendi kwa mjamzito.
- -dipine: amlodipini, nifedipini. Presha. Zinaweza kuvimbisha vifundo vya miguu.
- -olol: atenololi, propranololi. Presha na mapigo ya moyo. Hatari kwa mwenye pumu.
- -statin: atovastatini. Kushusha kolesteroli.
- -prazole: omeprazoli, pantoprazoli. Kupunguza asidi tumboni.
- -vir: asikloviri, dolutegraviri. Za virusi.
- -caine: lidokaini. Ganzi.

Wakishazijua hizi watu hujiona wamemaliza, kisha wanadondoka kwenye mitego ifuatayo. Isome mara mbili.

*Mtego wa "azoli".* Omeprazoli ni ya asidi. Flukonazoli ni ya fangasi. Metronidazoli, ambayo wengi wanaiita Flagyl, ni ya bakteria fulani na amiba. Albendazoli ni ya minyoo. Zote zinaishia "azoli", kazi nne tofauti. Angalia kinachotangulia: -prazole, -conazole, -nidazole, -bendazole. Na hata -prazole ina mgeni wake: aripiprazoli ni ya magonjwa ya akili, mkia wake kamili ni -piprazole.

*Mtego wa "statini".* Nistatini, ile ya matone ya utando mweupe mdomoni mwa mtoto, ni ya fangasi. Haina undugu na kolesteroli.

*Mtego wa "ololi".* Parasetamoli na salbutamoli zina -ol moja tu, hazimo kwenye ukoo. Kosa hili si dogo: salbutamoli hufungua njia ya hewa ya mwenye pumu, propranololi inaweza kuibana.

*Mtego wa "misini".* Azithromisini, gentamisini na klindamisini zimetoka koo tatu. Ukisikia "misini" sema mara nyingi ni antibaiotiki, kisha kasome.

Utajuaje umefika: andika majina thelathini kutoka kwenye Orodha ya Dawa Muhimu, yagawe kwa koo, mpe msahihishaji. Makosa zaidi ya matatu, rudia. Usihamie hatua ya tatu kwa kujionea huruma.

## Hatua ya 3: Vunja majina ya magonjwa

Maneno ya kitabibu yana kichwa, kiwiliwili na mkia. Kiwiliwili ni kiungo cha mwili au kitu kinachozungumziwa: *kadio* ni moyo, *nefro* figo, *hepato* ini, *gastro* tumbo, *entero* utumbo, *derma* ngozi, *nyuro* mishipa ya fahamu, *athro* maungio, *glai* sukari.

Mkia unasema kumetokea nini. *-aitisi* ni kuvimba na kuuma kwa kiungo. *-imia* ni hali ndani ya damu. *-uria* ni mkojo. *-algia* ni maumivu. *-ektomi* ni kukata na kuondoa.

Kichwa ndicho kinachoangusha wengi, na ni hapa: *haipa-* na *haipo-*. Irabu moja tu, lakini mgonjwa mmoja anahitaji kushushiwa na mwingine kupandishiwa.

Kiswahili chetu kimetupa dawa ya bure. Haipa: imepaa. Haipo: haipo. Haipatensheni, presha imepaa, ile tunayoiita presha ya kupanda. Haipotensheni, presha haipo ya kutosha, presha ya kushuka. Haipoglaisimia: *haipo*, *glai*, *imia*, sukari haipo ya kutosha kwenye damu. Sijaona aliyeusikia ujanja huu akakosea tena.

Jaribu mwenyewe: haipakalimia. *Kali* ni potasiamu, ile yenye alama K. Potasiamu imepaa kwenye damu. Sasa daktari akikwambia dawa za -pril zinamtia wasiwasi wa haipakalimia kwa mgonjwa wa figo, unamwelewa badala ya kuitikia "ndiyo Dokta".

Maonyo mawili. Si kila -aitisi ina vijidudu, kwa hiyo usikimbilie kuuza antibaiotiki kwa kila -aitisi unayoisikia. Na si kila neno lenye mkia -oma, yaani uvimbe, ni saratani: hematoma ni damu iliyovilia tu.

Utajuaje umefika: fungua ukurasa wowote wa Mwongozo wa Matibabu, chagua maneno kumi mageni, fungua saba bila msaada.

## Hatua ya 4: Soma cheti

Cheti ni karatasi ambayo daktari humwandikia mgonjwa dawa. Chukua hiki:

*Amoksilini kapsuli 500 mg tds 5/7*
*Parasetamoli 1 g tds prn 3/7*
*Omeprazoli 20 mg od ac 2/52*

Vifupisho vingi ni Kilatini: od mara moja kwa siku, bd mara mbili, tds mara tatu, qid mara nne, nocte usiku, stat sasa hivi, prn inapohitajika, ac kabla ya kula, pc baada ya kula, po kwa mdomo, im kwenye msuli, iv kwenye mshipa, sc chini ya ngozi.

Sehemu ndogo za namba huwachanganya wengi. 5/7 si "tano kwa saba". Saba ni siku za wiki, basi ni siku 5. 2/52 ni wiki 2, kwa kuwa mwaka una wiki 52. 3/12 ni miezi 3.

Piga jumla: amoksilini 15. Parasetamoli za mg 500, mbili mara tatu kwa siku tatu, 18. Omeprazoli 14. Muuzaji huagiza kwa hesabu hizi, nawe utaongea naye kwa hesabu hizi.

Kwenye cheti cha macho, OD ni jicho la kulia, wala si mara moja kwa siku. Angalia kwanza cheti kimetoka kliniki gani.

Vifupisho vya ugonjwa utavizoea haraka: HTN presha ya kupanda, DM kisukari, PUD vidonda vya tumbo, URTI maambukizi ya njia ya juu ya hewa, FBP kipimo cha picha kamili ya damu, mRDT kipimo cha haraka cha malaria. UTI sina haja ya kukufundisha, mtaa mzima unaijua, hata asiyekuwa nayo.

Utajuaje umefika: unasoma vyeti vitano kwa sauti, kwa Kiswahili kilichonyooka, kama unamweleza bibi yako wa Tukuyu atakavyomeza. Omba viandikwe vya mfano. Cheti halisi cha mgonjwa usikipige picha wala kukibeba.

## Hatua ya 5: Maneno ya karatasi ya ndani

Ile karatasi iliyokunjwa mara nane ndiyo mwalimu wako mkuu. Tafuta haya ndani yake.

Matumizi yaliyoidhinishwa ni magonjwa ambayo dawa imeruhusiwa kutibu. Hayo tu. Ukiongeza lako umetoka nje ya kazi.

Katazo na tahadhari ni mambo mawili. Katazo: usitumie kabisa. Tahadhari: tumia kwa kuangalia. Ukilitaja katazo kama tahadhari umempunguzia daktari hofu aliyostahili kuwa nayo.

Maudhi ni yale yanayojulikana kuandamana na dawa, kama kichefuchefu. Usiseme "haina maudhi". Hakuna daktari atakayekuamini, na ni uongo. Ukisikia maudhi mazito kwa mgonjwa, yaripotiwe kwa kampuni yako na TMDA, hata kama yanakuharibia mauzo ya mwezi.

Mwingiliano ni dawa kukutana na dawa nyingine, chakula au pombe. Karatasi ya metronidazoli inaonya kuhusu pombe. Ukiwa Iringa au Njombe msimu wa ulanzi, pombe itamkie kwa jina lake. Wapo wanaoamini ulanzi haumo.

Nusu-maisha. Hili nina deni nalo. Mwaka wangu wa kwanza, kwenye hospitali moja mkoani Njombe, asubuhi ya baridi ya kutoa moshi mdomoni, daktari aliniuliza nusu-maisha ya azithromisini niliyobeba. Nikajibu kifua mbele: "Miaka miwili, Dokta, ikihifadhiwa chini ya nyuzi 30." Hakucheka. Alifunika kalamu yake taratibu, akasema, "Mwite anayefuata." Sampuli zangu zilibaki mezani, nikaona aibu hata kuzirudia.

Nilimpa muda wa dawa kukaa rafuni. Yeye aliuliza muda ambao kiasi cha dawa kwenye damu hupungua kwa nusu. Baada ya nusu-maisha moja inabaki nusu, mbili robo, tano kama asilimia 3 tu. Amoksilini ni kama saa 1, ndiyo maana humezwa mara kadhaa kwa siku. Amlodipini ni saa 30 hadi 50, mara moja inatosha. Azithromisini inafika kama saa 68, ndiyo maana dozi yake ya siku tatu inaendelea kufanya kazi baada ya kidonge cha mwisho. Jibu lilikuwa ndilo hoja yangu bora ya mauzo, nami nilikuwa nimelikalia.

Utajuaje umefika: kwa kila boksi kati ya ishirini, umeandika mistari mitano kwa maneno yako. Ukinakili karatasi neno kwa neno, hujaelewa.

## Hatua ya 6: Jua unaongea na nani

Hii ni fupi. Ngazi ni zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, kisha kanda, ambayo kwetu ni Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Orodha ya Dawa Muhimu huipa kila dawa herufi ya ngazi, A ikiwa ya zahanati na S ya huduma za kibingwa. Kumweleza tabibu wa zahanati ya Ludewa dawa ya herufi S ni kumpotezea muda, na foleni yake unaiona.

Mganga Mfawidhi ndiye mkuu wa kituo, mpitie kwanza. Daktari ni "Dokta", nesi "Sista", na mtu mzima anaamkiwa shikamoo kabla ya cheo chochote. Kwenye duka la dawa muhimu usipeleke habari za dawa ambazo haliruhusiwi kuuza, na dawa za cheti hazitangazwi kwa wananchi mahali popote, iwe stendi au kundi la WhatsApp la ukoo.

## Hatua ya 7: Jaribio la dakika mbili

Weka simu irekodi. Mwenzako akae mezani awe daktari mwenye wagonjwa arobaini nje. Anza:

"Shikamoo Dokta. Nina amlodipini ya miligramu 5, kidonge, mara moja kwa siku, kwa haipatensheni. Nusu-maisha yake ni ndefu, hivyo mgonjwa akichelewa saa chache bado amelindwa. Maudhi ya kuangalia ni kuvimba vifundo vya miguu."

Hapo umetumia nusu dakika. Sasa akuulize maswali matatu: moja unalolijua, moja la mtego wa koo, na moja ambalo hakika hulijui. Hilo la tatu ndilo la kulifanyia mazoezi zaidi. Jibu lake: "Hilo sina uhakika nalo, Dokta. Nitaliuliza ofisini na kukuletea jibu Alhamisi." Alhamisi ulipeleke kweli, hata kama hana muda wa kukuona. Liandike kwenye karatasi, mwachie Sista.

Sikiliza rekodi ukiwa peke yako. Hesabu mara ulizosema "yaani" na "kama vile", mara ulizotaja jina la biashara kabla ya jina halisi, na kila haipa iliyotoka haipo. Rekodi tena kesho yake kwa boksi jingine. Mimi nilifanya kumi na moja ndipo nikaacha kutetemeka sauti, na ya kwanza bado ninayo kwenye simu ya zamani, siwezi kuisikiliza mpaka mwisho.